Rehani, Ukinaifu na Kutojali katika Riwaya ya Gli indifferenti

Riwaya ya Gli indifferenti ya Alberto Moravia ilichapishwa Milano mwaka 1929, mtunzi akiwa na umri wa miaka 21. Ni rahisi kuisoma kama kisa cha Michele, kijana anayetaka kuchukia na chuki isimjie. Usomaji huo una ukweli, ila unampa Michele heshima asiyostahili. Kwa kuwa anautambua ubaridi wake na kuuonea aibu, msomaji huelekea kumhesabu kuwa bora kuliko jamaa zake. Matendo yake hayathibitishi hivyo.

Ukinaifu wa familia ya Ardengo una mizizi katika deni. Jumba lao limewekwa rehani kwa Leo Merumeci, hawara wa mama yao, Mariagrazia, ambaye ni mjane. Leo anakusudia kulitwaa kwa bei iliyo chini ya thamani yake. Mama anauogopa umaskini, na zaidi anaogopa kuonekana maskini. Wivu wake anauelekeza kwa Lisa, rafiki wa zamani, ilhali anayewindwa na Leo ni Carla, binti yake wa kumzaa. Katika nyumba hiyo, Leo peke yake hakinai, kwa sababu ana hesabu ya kufanya. Wengine wanakula, wanarudia maneno yale yale katika vyumba vile vile, na kungoja. Hata Carla anapojitoa kwa Leo hasukumwi na mapenzi. Anataka tu maisha yabadilike, kwa uzuri au kwa ubaya.

Michele ananunua bastola. Njiani kuelekea kwa Leo anaiwazia kesi yake: mahakama, mashahidi, hukumu. Anafika, anafyatua, hakuna kinacholia. Risasi zimo mfukoni. Kusahau huko kungeweza kudhaniwa kuwa hila ya msuko, lakini mwendo wa njiani umekwisha kukuandaa. Fikrani mwake tendo limekwisha kutendwa na kuhukumiwa. Kilichokosekana ni hasira.

Moravia alieleza baadaye kwamba hakukusudia kulishambulia tabaka la mabwanyenye, bali kuandika tanzia katika umbo la riwaya. Maelezo hayo hayaiondolei riwaya makali yake. Tanzia huhitaji mtu awezaye kutenda, na katika familia hii hayupo. Badala ya mauaji kunapangwa ndoa: Leo, akihofia jumba lisimponyoke, anaahidi kumwoa Carla. Michele anamsihi dada yake akatae, Carla hakubali. Jioni mama, asiyejua lolote, anavaa barakoa na kutoka na bintiye kwenda dansini.