Sambusa pointi kumi, kahawa sifuri

Bandugu wa promo, leo nahukumu kikombe kimoja cha kahawa.

Juma iliyopita nilikuwa kwenye uwanja wa ndege mumoja wa inchi yetu. Ndege ilichelewa, tumbo iko tupu, nikaingia kwenye kafe kadogo karibu na mahali pa kungojea. Nikaomba sambusa mbili na kahawa. Sambusa hazina neno: moto, nyama ya kutosha, pilipili mahali pake. Kuna mama wa kartie anayezipika kila asubuhi na kuzileta kwa ndoo. Kahawa njo ilinihuzunisha: kikombe cha maji ya moto na kapaketi ka unga kutoka ng'ambo. Dola tatu, bei kupita sambusa zote mbili!

Nikamuuliza dada aliyenihudumia kama hawana kahawa ya hapa. Akacheka: "Yaya, ya huku inaendaka Ulaya, haibakiake."

Nilifanya staji yangu Kalehe, kandokando ya ziwa Kivu. Ziwa lenyewe liko kwenye metre 1.460 hivi, na arabika inapandwa kwenye milima ya juu yake. Bamama wanachuma matunda mekundu peke yake. Yanamenywa siku ile ile, yanachachushwa, yanaoshwa, kisha yanakaushwa kwenye meza siku nyingi. Kilo 5 mpaka 6 za matunda zinatoa karibu kilo 1 ya kahawa ya kijani. Kazi yote ile, na musafiri wa kwetu anakunywa unga.

Najua wenye kafe watasema nini: kura inakatika, mashine ni bei kali, abiria wana haraka. Sawa. Lakini kahawa nzuri hailazimishi mashine. Inaomba mbegu zilizokaangwa na kusagwa karibuni, maji ya moto, kitambaa safi cha kuchujia, na termosi inayojazwa kila saa. Ukiweka gramu 10 kwa kikombe, kilo moja inatoa vikombe 100. Kama mama wa sambusa anaweza kufika asubuhi na ndoo, mutu wa kahawa anashindwa nini?

Na sisi pia tuna kosa. Tumetetea memware juu ya kuchachusha kahawa, lakini wangapi kati yetu wanajua kuikaanga? Siku ya mwisho ya staji, mukulima aliyenipokea alinikaribisha nyumbani kwake. Alinipa chai. Miaka yote ya kulima kahawa, hakuwa na ya kunywa ndani ya nyumba. Nilikunywa, nikanyamaza.

Safari hii sikunyamaza. Niliomba namba ya mwenye kafe. Juma ijayo namupelekea nusu kilo ya Kalehe, niliyoikaanga mwenyewe kwenye sufuria, pamoja na kitambaa. Ni vikombe 50. Nitawaambia hapa kama abiria walivimaliza.