Ufundi wa Kwenda kwa Miguu

Kila asubuhi magari ya watalii hupita mji wetu wa Mto wa Mbu yakielekea Ngorongoro na Serengeti. Husimama kidogo, abiria wakanunua ndizi nyekundu na kinyago, kisha hao, wanaupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Wengi wao hawaikanyagi ardhi ya hapa. Nasi wenyeji tumeambukizwa haraka hiyo: hata kwenda shamba la jirani siku hizi ni bodaboda.

Namkumbuka mzee mmoja, mkulima wa mpunga, aliyejua kutembea. Hakuwa mwongoza watalii, wala hakuna aliyemlipa. Alifuata mfereji, jembe begani, akisoma. Maji yakichafuka ghafla alijua ng'ombe wamevuka huko juu, au mtu kabomoa tuta kabla ya zamu yake. Penye tope aliinama. Alama za kucha zikionekana mbele ya vidole, fisi. Zisipoonekana na unyayo ni mpana, huenda ni chui, na mzee aligeuza njia bila kuona haya. Kugeuka ni nusu ya ufundi huo. Asiyejua kurudi nyuma hafai kutembea peke yake mahali ambapo wanyama ni majirani.

Nusu ya pili ilikuwa sikio. Mabawa ya hondohondo husikika kabla ndege mwenyewe hajaonekana, vuu, vuu, kama mtu anayepepeta mpunga. Wakimiminika mahali pamoja, mzee alijua mkuyu wa hapo umeiva, na kwamba chini yake nyani na kima wameshawahi karamu. Basi alipita mbali kidogo, akawaachia chakula chao. Nilipomuuliza kwa nini hasemi neno njiani, alinijibu, "Mwanangu, ukisema wewe, nani atasikiliza?"

Njia zile hazikutengenezwa kwa ajili ya mgeni. Tangu miaka ya 1950, kilimo cha umwagiliaji kilipoanza kupanuka, watu walimiminika kutoka kila upande: Wambulu, Warangi, Wachaga, Wagogo na wengine wengi, wakawakuta Wamaasai na mifugo yao. Hifadhi jirani ya Ziwa Manyara ilipotangazwa mwaka 1960, watu hao walikuwa wameshaanza kuchora vijia vyao vya kwenda mferejini, sokoni na kwa wakwe. Mvua ya nyanda za juu hupenya kwenye miamba ya volkano, ikatokeza chemchemi chini ya ukuta wa bonde. Ndiyo maana msitu wa hapa hubaki kijani hata kiangazi kikikaza. Mzee aliyajua hayo kwa miguu yake, kwa kupanda polepole hadi maji yanapotokea.

Leo kijia kimoja kimezibwa na ukuta wa hoteli, kingine na ua wa kiwanja kipya. Mifereji inabeba chupa za plastiki. Kijana aliyezaliwa hapa anamtambua tembo kwenye simu, lakini hondohondo akipita juu yake hainui kichwa. Sidharau kazi ya waongoza watalii. Ndani ya hifadhi kutembea peke yako si ruhusa, na ni haki iwe hivyo. Nasikitikia mashamba, vichochoro vya migombani na kingo za mto, ambako ruhusa ipo ila watembeaji ndio wamekwisha.

Enyi mnaopima viwanja, acheni kijia kipite. Nanyi wazazi, watumeni watoto kwa miguu, tena muwaulize wakirudi wameona nini. Mji unaoishi kwa wanyama na misitu, watu wake wasipojua tena kuvisoma, utabaki kituo cha mafuta tu njiani kwenda kwa wengine.