Plasmidi, Kuhara Damu na Umakini wa Mtoto: Uhakiki wa Tafiti Zinazohusu Gitega na Muyinga

Tafiti za afya ya mtoto katika Burundi na nchi jirani zimefuata njia mbili zisizokutana. Njia ya kwanza huchunguza bakteria na usugu wao dhidi ya dawa. Ya pili huchunguza akili na umakini wa mtoto. Makala haya yanahakiki njia hizo na kutetea hoja moja: mtoto ni yuleyule, lakini uhusiano wa plasmidi na umakini wake hauwezi kudaiwa kwa mruko mmoja. Huo ni mnyororo, na kila kiungo chake kina uzito wake wa ushahidi.

Kiungo cha kwanza ni imara. Mlipuko wa kuhara damu unaosababishwa na Shigella dysenteriae aina ya 1 ulianza kaskazini-mashariki mwa Zaire mwaka 1979, ukaenea hadi Rwanda na Burundi. Mwaka 1982, Frost, Rowe na Vandepitte waliripoti kwamba bakteria wa mlipuko huo walikuwa wamepata usugu dhidi ya trimethoprimu. Plasmidi hupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na jeni za usugu huhama na kuungana upya ndani yake. Jeni kadhaa zikishakaa pamoja, matumizi ya dawa moja huzilinda zote. Mwaka 1994, Ries na wenzake walieleza bakteria wa Burundi waliokuwa sugu dhidi ya dawa zote za kumeza zilizopatikana nchini.

Hata hivyo, plasmidi isibebeshwe lawama yote. Usugu wa Shigella dhidi ya asidi ya nalidiksiki kwa kawaida hutokana na badiliko katika kromosomu yenyewe. Mshauri wa sera asiyetofautisha njia hizi mbili huenda akaagiza kipimo kisichofaa.

Kiungo cha pili ni cha wastani. Uchunguzi wa Fortaleza, Brazili, ulihusisha kuhara kwa utotoni na udhaifu wa uwezo wa akili miaka kadhaa baadaye. Mradi wa MAL-ED, ambao Haydom nchini Tanzania ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vinane, ulifuatilia vimelea vya utumbo, ukuaji na maendeleo ya akili kwa watoto walewale. Ubora wa tafiti hizi ni kumfuata mtoto kwa muda mrefu. Udhaifu wake ni ugumu wa kutenganisha athari ya ugonjwa na ile ya umaskini, njaa na kudumaa. Kwa Burundi ugumu huo ni mkubwa: utafiti wa kitaifa wa 2016–17 uliwakuta takribani asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Kiungo cha tatu ndicho dhaifu zaidi. Kashala na wenzake, katika utafiti wao wa Kinshasa wa mwaka 2005, walikadiria tatizo la umakini na utukutu kwa kutegemea maelezo ya walimu. Njia hiyo ni nafuu, lakini mwalimu huona tabia, haoni chanzo. Mtoto mwenye upungufu wa damu, au aliyekuja shuleni bila kula, naye hukosa utulivu. Dodoso likipelekwa Gitega au Muyinga bila kupimwa upya kwa Kirundi na Kiswahili, litahesabu njaa kama ugonjwa wa akili.

Utafiti wa kaya uliofanywa Kibuye, mkoani Gitega, na kuchapishwa mwaka 1997, ulikuwa na fadhila ya kumfuata mgonjwa nyumbani. Lakini lengo lake lilikuwa kuhara damu, si masomo ya mtoto aliyepona. Pengo hilo ndilo linalostahili kuzibwa.

Kwa hiyo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, sampuli za kinyesi zichukuliwe kabla ya dawa kutolewa, Gitega na pia Muyinga, ambako watu na dawa huvuka mpaka wa Tanzania kupitia Kobero. Pili, kumbukumbu za kliniki za mtoto zisomwe sambamba na maendeleo yake shuleni, kwa idhini ya wazazi. Tatu, mtoto asipewe jina la ugonjwa wa umakini kabla ya lishe, damu, usikivu na historia yake ya maradhi kuchunguzwa. Jina hilo likishaandikwa, humfuata mtoto kutoka darasa hadi darasa, hata baada ya chanzo chake kutibika.