Kutoka Tandale, kwa Nani? Jina, Uzinduzi na Maana katika Albamu ya A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki albamu ya tatu ya Nasibu Abdul Juma, anayefahamika kwa jina la kisanii la Diamond Platnumz, iliyozinduliwa jijini Nairobi mwezi Machi 2018 kwa jina la A Boy from Tandale. Uhakiki wa Bongo Fleva katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili umezoea kuyachambua mashairi ya nyimbo: dhamira zake, tamathali zake za semi na maadili yanayojengwa au kubomolewa. Jina la albamu, jalada lake, mahali ilipozinduliwa na namna ilivyonadiwa huachiwa wataalamu wa biashara na mawasiliano. Makala haya yanadai kuwa mgawanyo huo wa kazi unaupunja uhakiki. Kwa albamu hii mahususi, unadi ni sehemu ya matini, kwa kuwa ndio unaoamua ni nani anayesemeshwa. Aidha, inadaiwa kuwa nyimbo bora zilizomo zinakinzana na simulizi iliyotumika kuzinadi.

2.0 Kizingiti kama Dhana ya Uhakiki

Mhakiki wa Kifaransa, Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils (1987), alichunguza mambo yanayoizunguka matini: jina la kitabu, jina la mwandishi, dibaji, tabaruku, mahojiano na matangazo. Jina la kitabu hicho lina maana ya vizingiti. Kizingiti si ndani ya nyumba wala si nje yake, lakini hakuna aingiaye bila kukivuka. Genette alikuwa akizungumzia zaidi vitabu. Hata hivyo, albamu ya muziki ina vizingiti vingi zaidi, na msikilizaji wa leo huanza kukutana navyo miezi kadhaa kabla ya kuisikia albamu yenyewe.

Ni vyema kujibu mapema pingamizi moja. Inaweza kusemwa kuwa A Boy from Tandale si kazi yenye umoja, kwa kuwa nyimbo zake kadhaa, zikiwamo Marry You, Eneka, Fire, Hallelujah, Sikomi na Niache, zilikwisha kutoka moja moja mwaka 2017. Pingamizi hili linasahau historia ya ushairi wetu. Tungo za Muyaka bin Haji zilisikika Mombasa katika karne ya 19, zikakusanywa na wengine baada yake, na ndipo W. Hichens alipozichapisha kama diwani mwaka 1940. Diwani haikosi hadhi kwa sababu yaliyomo yalikwisha kusikika. Swali halali ni hili: mkusanyaji ameyakusanya chini ya jina gani, na jina hilo linamtaka msomaji ayasome vipi?

3.0 Jina: Kutoka Nafsi ya Pili hadi Nafsi ya Tatu

Albamu mbili zilizotangulia za msanii huyu ni Kamwambie (2010) na Lala Salama (2012). Yote mawili ni majina ya Kiswahili, na yote mawili ni kauli za kuamuru au kutakia. Kamwambie humtuma mtu: kiambishi ka- kinamtaka aende, na kiambishi -m- kinamtaja mtu wa tatu ambaye mtumaji na mtumwa wanamjua bila kuelezwa. Lala Salama humwagia mtu aliye karibu. Majina haya yamejengwa juu ya nafsi ya pili. Msikilizaji anaingia katikati ya mazungumzo ambayo tayari yanaendelea, nayo yanadhani kwamba yeye ni mwenzao.

A Boy from Tandale hufanya kinyume. Ni maelezo ya nafsi ya tatu. Kibainishi a katika Kiingereza humtambulisha mtu asiyejulikana bado kwa anayeambiwa. Mkaazi wa Dar es Salaam hahitaji kutambulishwa hivyo. Anajua Tandale ni kata ya Kinondoni, anajua soko lake, anajua maana ya kukulia uswahilini. Kwa hiyo jina hili linamsemesha mtu ambaye hajawahi kufika Tandale na pengine hatafika.

Ugumu wa kulifasiri jina hili unaonyesha jambo zaidi. Tukisema “Mtoto wa Tandale”, -a unganifu inamfunga mtoto na mahali: yeye ni wa huko, na angali wa huko. Tukisema “Kijana kutoka Tandale”, mkazo unahamia kwenye safari: alikuwako, ametoka. Neno from la Kiingereza linabeba asili na kuondoka kwa pamoja, bila kumlazimisha msemaji achague. Hapo ndipo ilipo nguvu ya jina hili kibiashara, na hapo pia ndipo ulipo utata wake kifasihi. Kwa msikilizaji wa mbali, Tandale ni mwanzo wa hadithi ya mafanikio. Kwa msikilizaji wa Tandale, jina hilohilo laweza kusikika kama sifa na kama taarifa ya kuhama.

4.0 Uzinduzi, Ushirikiano na Ukatazwaji

Mambo matatu katika unadi wa albamu yanauthibitisha mwelekeo huo. Kwanza ni mahali. Albamu iliyobeba jina la kata ya Dar es Salaam ilizinduliwa Nairobi. Uamuzi huo una mantiki ya soko, na Kenya ina hadhira kubwa ya Kiswahili. Hakuna haja ya kuulaumu. Lakini una maana: Tandale ilitajwa pale ambapo kuitaja kulihitaji maelezo.

Pili ni ushirikiano. Marry You ameimba na Ne-Yo, African Beauty na Omarion, Hallelujah na Morgan Heritage, Fire na Tiwa Savage, Baila na mpiga fidla Miri Ben-Ari. Tukiyalinganisha majina haya na ya nyimbo anazoimba peke yake au na Watanzania wenzake, kama Sikomi, Niache na Iyena aliyoimba na Rayvanny, tunaona kwamba lugha ya jina mara nyingi hufuata uraia wa mshirika. Si kanuni isiyovunjwa: Waka, alioimba na Rick Ross wa Marekani, una jina linaloeleweka kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwelekeo upo. Albamu ina milango miwili, na kila mlango una lugha yake.

Tatu ni jambo ambalo msanii hakulipanga. Mwishoni mwa Februari 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza nyimbo zisizoruhusiwa kupigwa na vyombo vya utangazaji, baada ya kupokea orodha kutoka Baraza la Sanaa la Taifa. Hallelujah na Waka zilikuwamo. Hivyo, albamu ilipozinduliwa, nyimbo zake mbili hazikuweza kusikika redioni nyumbani, ilhali zilipatikana kwa yeyote mwenye simu ya kisasa na kifurushi cha intaneti. Matokeo yake kwa mhakiki ni haya: msikilizaji wa uswahilini anayetegemea redio ya jirani, ambaye jina la albamu linamtaja, ndiye aliyewekwa mbali zaidi na sehemu ya albamu hiyo. Katazo nalo likawa kizingiti, tena kizingiti kirefu kwa asiye na kitu.

5.0 Nyimbo Zinavyokinzana na Jina

Jina linaahidi simulizi ya mahali. Tunapoingia ndani, tunakuta kwa sehemu kubwa albamu ya mapenzi. Hakuna wimbo uliopewa jina la Tandale. Singeli, muziki uliokulia katika vitongoji vya uswahilini vya Dar es Salaam, haukufanywa msingi wa albamu. Mhakiki anaweza kuhitimisha haraka kwamba jina ni kibandiko tu cha bidhaa. Hitimisho hilo lina ukweli, lakini halitoshi.

Sikomi ndio wimbo unaolitia jina majaribuni. Kitenzi koma kina maana ya kuacha jambo baada ya kuonjeshwa uchungu wake. Kukanusha kwa nafsi ya kwanza, sikomi, ni kukiri kwamba nafsineni ameumizwa, amejua kwamba anaumizwa, na bado anarudi palepale. Simulizi ya unadi ni ya mstari ulionyooka: kijana aliondoka chini akafika juu. Muundo wa Sikomi ni duara. Nafsineni huyu hajafika popote, mafanikio hayakumfundisha. Niache nao unarejesha sarufi ya Kamwambie: kitenzi kimoja kinachomsemesha mtu mmoja, bila utambulisho wala maelezo kwa mgeni. Katika nyimbo hizi mbili, msikilizaji wa Kiswahili anakuwa tena mwenzi katika mazungumzo, si mtazamaji anayeonyeshwa mtu.

Kwa maoni ya makala haya, hapa ndipo Tandale ilipo. Haimo katika jina lake kutajwa, bali katika namna ya kusema inayodhani kwamba anayesikiliza anaelewa. Kwa kipimo hiki, Marry You, pamoja na ustadi wa utayarishaji wake, ni wimbo dhaifu zaidi kifasihi kuliko Sikomi. Udhaifu huo hautokani na Kiingereza chake. Unatokana na kwamba anayesemeshwa angeweza kuwa mtu yeyote popote, na kwa hiyo hakuna kinachoweza kuachwa bila kusemwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa jina, uzinduzi na hata katazo la kiserikali vilishiriki kuunda maana ya A Boy from Tandale, na kwamba nyimbo zake za Kiswahili zinaipinga simulizi ya ushindi iliyotumika kuziuza. Kwa watafiti wa fasihi ya Kiswahili, kuna athari mbili. Ya kwanza, anayechambua mashairi ya albamu bila kuchunguza vizingiti vyake atashindwa kueleza kwa nini wimbo uleule unasikika kwa namna mbili katika miji miwili. Ya pili, anayechambua unadi pekee ataishia kurudia maneno ya mnadi. Mwaka 2022 msanii huyu alitoa mkusanyo mfupi wa nyimbo 10 kwa jina la First of All. Mkusanyo huo unastahili kuulizwa swali lilelile lililoongoza makala haya: jina hili linamwambia nani, na nyimbo zilizomo zinamwambia nani?