Jinsi Copenhagen Ilivyowarudisha Waogeleaji Bandarini

Mwaka 1995 bandari ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilikuwa ikimwagiwa majitaka kupitia midomo 93. Mabomba ya jiji yalibeba maji ya vyooni na ya mvua kwa pamoja. Mvua kubwa ikinyesha yalifurika, na ziada yote ikaishia bandarini, juu ya uchafu wa viwanda. Wenyeji walikuwa wameacha kuogelea humo tangu miaka ya 1950.

Leo, siku za joto, watoto hujitupa kwenye maji hayohayo, katikati ya jiji.

Mgeni anayepiga picha pale Islands Brygge, ukingoni mwa bandari hiyo, huona mbao, mnara wa kurukia na watu wanaoota jua. Kazi iliyowezesha hayo haionekani, kwa sababu imezikwa. Manispaa ilijenga chini ya ardhi matangi na mabomba mapana ya kuhifadhi maji. Mvua ikipiga, mchanganyiko wa mvua na majitaka hungoja humo. Ikikatika, husukumwa taratibu hadi kwenye mtambo wa kuusafisha. Kwa njia hiyo midomo 55 ilizibwa, na iliyosalia hufunguka pale tu mvua inapozidi uwezo wa matangi.

Kwa hiyo hatari haijaisha kabisa, na hapo ndipo wahandisi wa jiji hilo wanapostahili sifa zaidi. Hawakuificha. Ulitengenezwa mfumo wa kompyuta unaokadiria hali ya maji na kuitangaza kwenye intaneti. Bakteria wa kinyesi wakihofiwa kuzidi, bendera nyekundu hupandishwa na bwawa la kuogelea la bandarini hufungwa hadi maji yatakapokuwa salama tena. Mzazi anajua kabla hajatoka nyumbani.

Baada ya maji ndipo yakaja majengo. Bwawa la kwanza lilifunguliwa Islands Brygge mwaka 2002, na mwaka uliofuata likaja linaloelea, lililosanifiwa na Bjarke Ingels na Julien De Smedt wa kampuni ya PLOT. Lina sehemu tano za kuogelea, mbili zikiwa za watoto, na huchukua watu 600. Kiingilio hakuna. Limefungwa kando ya bustani ambayo wakazi wenyewe waliipigania miaka ya 1980, kwenye ardhi iliyokuwa ya bandari na reli. Kwa maneno mengine, wateja wa bwawa walikuwapo kabla ya bwawa.

Ng'ambo ya pili, Kalvebod Brygge, mambo yalikwenda kinyume. Huko miaka ya 1990 ofisi na hoteli zilipangwa ukingoni kabisa mwa maji, na mpita njia akaachiwa ukanda mkavu usio na cha kumfanya asimame. Daraja la baiskeli na waenda kwa miguu, Bryggebroen, liliunganisha kingo hizo mbili mwaka 2006, lakini watu waliendelea kukaa upande wa bustani.

Marekebisho yalikuja mwaka 2013 kwa majukwaa ya Kalvebod Bølge, yanayojikunja juu ya maji kama wimbi. Wasanifu walilazimika kwanza kupima vivuli vya majengo yale marefu, kisha wakayasogeza majukwaa mbali na ukingo hadi mahali ambapo jua la alasiri bado linafika.