Ingiza Mkono Chini ya Madigadi

Kila msimu wa maonyesho ya magari ya kujiundia, mambo ni yaleyale. Gari la mchangani lililopakwa rangi ya chungwa linang'aa hadi watu wanajitazama kwenye boneti, majaji wanalizunguka mara mbili, kombe linatolewa. Hakuna aliyeinama. Chini ya madigadi ya kulia kuna ufa uliozibwa kwa puti tupu, na ukingo wa mbele umeundwa upya kwa puti nene kama kidole. Kulisifu gari kama hilo ni kuwadhulumu mafundi wanaoijua kazi.

Bodi ya faibaglasi ina nyuso mbili, na unaosema kweli ni wa ndani. Uso wa nje ulizaliwa ndani ya kalibu, kwa hiyo ulaini wake ni sifa ya kalibu. Upande wa ndani ndio uliopitwa na mkono wa fundi, na kila alichokifanya kimebaki pale.

Mtazamaji wa kawaida hafiki huko, ingawa ndiko kwenye habari yote. Ingiza mkono chini ya madigadi, upapase polepole kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mkeka wa nyuzi uliolazwa vizuri una ukwaruzo wa kiasi kimoja kila mahali, nyuzi zimelala kila upande, na rezini imezilowesha zote bila kutuama. Ukifika palipotengenezwa, vidole vinapaswa kuhisi kiraka kipana kinachopungua unene taratibu hadi kinapotelea. Ukikutana na ngazi, kiraka hakikuchongewa mteremko. Kanuni ni mara kumi na mbili ya unene: paneli ya milimita 3 inadai mteremko wa milimita 36 kila upande wa ufa. Fundi mvivu huchonga milimita 10, kisha puti humalizia uongo wake. Kiraka cha kwanza kulazwa ni kile kikubwa kuliko vyote, na vidogo hufuata juu yake. Anayeanza na kidogo hajafundishwa.

Halafu gonga kwa sarafu. Faibaglasi nzima hulia kwa sauti kavu. Palipojaa puti au palipoachana tabaka hutoa mlio mzito uliokufa. Kama jelikoti, yaani tabaka jembamba la nje la bodi, ni nyeupe, washa taa upande wa ndani ukiwa gizani: nyuzi na rezini hupitisha mwanga, puti hubaki kivuli cheusi, na viputo vya hewa vinaonekana kimoja kimoja.

Kipimo cha kazi hii kiliwekwa na mjenzi wa boti. Bruce Meyers, aliyezaliwa 1926, alijifunza faibaglasi katika viwanda vya boti kusini mwa California kabla ya kukamilisha gari lake la kwanza, Old Red, mwaka 1964, akitumia mitambo ya Volkswagen. Mwaka 1967 yeye na Ted Mangels waliliendesha kati ya La Paz na Tijuana, kwenye rasi ya Baja California nchini Meksiko, kwa saa 34 na dakika 45. Njia ile ilikuwa mawe na makorongo. Bodi ya puti isingefika.

Baada ya sifa wakaja wezi. Walinunua Meyers Manx halisi, gari aliloliuza Meyers, wakaipaka nta, wakatoa kalibu juu yake, wakauza nakala kwa bei ya chini. Mahakama haikumlinda Meyers, na nakala zikayazidi mara nyingi magari yake mwenyewe. Nakala hizo hutambulika. Rezini ya poliesta husinyaa inapokauka, kwa hiyo nakala ya nakala hupoteza makali ya mistari: mkunjo ulio juu ya taa unalegea, ukingo wa dashibodi unakuwa mviringo. Nyingi pia ni nyembamba, na ukibonyeza ubavu kwa kiganja unaingia ndani.

Nyufa za nyota ndizo zinazowaumbua wengi. Jiwe likirushwa na tairi kutoka chini, au bolti ikikazwa kupita kiasi, jelikoti hupasuka kwa mistari inayotawanyika kutoka sehemu moja. Asiyejua hupiga msasa juu, hupaka rangi, na baada ya muda mfupi nyota inarudi mahali palepale. Ufa wa nje una chanzo ndani: paneli inacheza. Kwanza iongezewe mkeka kwa nyuma, kisha kila mstari uchimbwe hadi mwisho wa jelikoti.

Kubadilisha umbo nako kuna adabu yake. Anayepanua madigadi ili yafunike tairi pana anatakiwa kukata, kutanua, kisha kuunganisha kwa nyuzi mpya pande zote mbili. Puti ni ya kulainisha tu, na ikipita milimita 2 kazi imeharibika. Baada ya hapo bodi ikae juani wiki kadhaa kabla ya rangi, la sivyo rezini itaendelea kusinyaa na nyuzi zitajichora juu ya rangi, hasa ikiwa nyeusi.

Zamani Manx nyingi hazikupakwa rangi kabisa. Jelikoti yenyewe ndiyo iliyobeba rangi, mara nyingi ikiwa na chembe za metali zinazometameta, na kiraka chochote kilijianika. Mafundi wa wakati ule walilazimika kuwa waangalifu. Leo chini ya madigadi hunyunyiziwa lami nyeusi nzito inayofunika kila kitu, na watu huiita nakshi. Lami hiyo kwenye gari la faibaglasi ni sababu tosha ya kulitilia shaka.

Majaji wa maonyesho waanze kudai magari yainuliwe kwa jeki kabla ya kutoa alama. Nawe unayetaka kununua, nenda na tochi na sarafu, na muuzaji akikukataza usiangalie chini, usimpe hata pesa ya arubuni.