Kufikisha Maneno na Kusema Kweli

Ziko kazi za elimu ambazo watu wanazitumia usiku na mchana na wala hawazijui kwa jina. Mojawapo ni makala ya Claude Shannon, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 2001. Makala hiyo, Nadharia ya Kihisabati ya Mawasiliano, ilitoka kwa sehemu mbili, Julai na Oktoba 1948, katika jarida la mafundi wa kampuni ya simu ya Bell. Simu za mkononi na picha ziletwazo na vyombo vya anga za mbali zinakwenda juu ya msingi uliowekwa humo. Inatupasa basi kuitazama kwa insafu: tutaje wema wake, na tutaje mpaka wake.

Wema wake ni mkubwa. Kabla yake, mafundi wengi walidhani kuwa katika njia yenye kelele, ukitaka makosa yapungue sana lazima upunguze mno mwendo wa kupeleka maneno. Shannon alithibitisha kwa hisabati kuwa kila njia ina kipimo chake, na maadamu hukuvuka kipimo hicho, unaweza kuyafanya makosa yawe madogo upendavyo. Siri yake ni ziada iliyopangwa. Mtu akipata barua iliyoloa maji, akaona "Assal-mu alaik-m", hashindwi kuisoma, kwa sababu herufi zilizobaki zinatoa ushahidi juu ya zilizofutika. Shannon alionyesha kuwa mipango ya namna hii ipo; kuiunda wakaifanya wengine, kama Richard Hamming mwaka 1950, na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Mpango wa hawa wawili ndio uliotiwa katika santuri za leza zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hata santuri yenye mkwaruzo ikaweza kusoma bila ya kukatika.

Ama mpaka wake, Shannon mwenyewe ameutaja mwanzoni kabisa: maana ya maneno haimo katika kazi ya mhandisi. Kwake yeye, khabari ni kipimo cha uchaguzi tu, yaani katika maneno yote yaliyowezekana kupelekwa, ni yepi yaliyochaguliwa. Kwa mizani hii, herufi zilizotupwa ovyo zina khabari nyingi kuliko sentensi yenye maana iliyo na urefu ule ule, kwani hazikisiki. Na kweli na uongo, vikiwa na uwezekano mmoja, vina uzito mmoja.

Hii si taksiri. Seremala hapimi ubao kwa kibaba, na kujua mpaka wa fani ni katika adabu za elimu. Tena mwaka 1956, alipoona watu wa fani nyingine wanaikimbilia nadharia yake, Shannon aliandika makala fupi ya kuwaonya wasiitwishe isiyoyaweza.

Lawama yetu iko kwa Warren Weaver, aliyeifafanua nadharia hiyo katika kitabu walichokitoa pamoja mwaka 1949. Weaver aliyagawa mawasiliano daraja tatu: alama zifike salama, maana ifahamike kama ilivyokusudiwa, na msikilizaji atende alivyotaka msemaji. Mgawanyo huu ni mzuri, lakini una pengo kubwa. Mwongo hodari hufuzu katika daraja zote tatu! Maneno yake yamefika, yamefahamika, na watu wamemfuata. Daraja ya nne, yaani je, msemaji ni mkweli, haimo.

Wanavyuoni wetu wa Hadithi hawakuliacha pengo hilo. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 wa Hijra (1245), katika kueleza Hadithi sahihi anataka sanadi iliyoungana, na kila mpokezi awe na mambo mawili: uadilifu, na dhabti, yaani kuhifadhi na kufikisha barabara, kisha Hadithi yenyewe isiwe shadhi wala isiwe na ila. Dhabti pekee haikutosha. Mwenye hifadhi kali akijulikana kwa uongo, riwaya yake hukataliwa.

Basi kazi ya Shannon, ukiipima kwa mizani hii, ni elimu ya dhabti iliyofika kilele. Juu ya uadilifu haina neno. Kelele ya waya haina nia. Huharibu hapa na pale bila ya kukusudia, na ziada huitengeneza. Mwongo ana nia, naye hupenda njia iliyo safi. Ufundi ule ule utaufikisha uongo wake bila ya kupotea nukta.

Hapo ndipo watu wengi wanapoghurika leo. Khabari moja husambazwa katika makundi ya simu, ikamfikia mtu mara kumi kwa siku moja, naye akasema: imetoka kwa wengi, haiwezi kuwa uongo. Amekosea hesabu, kwani nakala kumi za mtu mmoja ni mtu mmoja. Itazameni Hadithi ya nia, ya kwanza katika Sahihi ya Bukhari. Ameipokea Umar bin Khattab (R.A.), kutoka kwake Alqama, kisha Muhammad bin Ibrahim, kisha Yahya bin Said, baada ya Yahya ndipo wapokezi walipokuwa wengi. Pamoja na wingi huo wanavyuoni hawakuihesabu kuwa ni mutawatiri, kwa sababu walitazama kila tabaka. Waliikubali kwa uaminifu wa wale wachache, si kwa msongamano wa waliofuata.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuichunguze khabari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Amri hiyo hakupewa mhandisi peke yake, wala hakuna chombo kitakachotutekelezea. Mhandisi ametimiza sehemu yake: neno hufika kama lilivyotoka. Kila anayelipeleka mbele amejitia katika sanadi yake, na ataulizwa alilipokea kwa nani.

Wabillahi taufiq.